Daftari na Fomu

Mimi ndiye mshika daftari wa kikundi cha Igogo.
Kaunta buku, kwaya mbili,
jalada limelowa mafuta ya dagaa.
Mna majina kumi na tisa, hayana namba za nyumba,
maana huku juu nyumba zimeegeshwa kwenye majabali
kama vyombo vya mtu aliyeitwa ghafla.

Nimeandika hivi:
Bibi Nkwimba: madumu mawili, Jumatatu na Alhamisi.
Asipelekewe sangara. Mwanawe alizama akiwavua.
Mzee Bituro: sabuni, na mtu wa kumsikiliza.
Bibi Holo: macho mekundu. Ni moshi wa pumba.
Ni moshi tu. Jirani waambiwe.

Hapo kwenye moshi nimepiga mstari mara tatu.
Anayejua kwa nini, anajua.

Kisha wakaja wa taifa, kutoka Dodoma:
gari jeupe, vizibao vya buluu, kishikwambi.
Gari likakomea kwenye kalavati.
Binti mmoja, Eliwaza, mpole, viatu vyake si vya mawe,
akapanda akihema, akamuuliza Nkwimba umri.
“Nilikuwa nimeshaota meno ya pili
ziwa lilipopanda likala shamba la baba.”
Kishikwambi kilitaka tarakimu.
Kikagoma kusonga.
Eliwaza akakipa sabini, kikanyamaza.

Nilicheka moyoni. Nakiri.

Wakaleta kiti cha magurudumu, kipya, ndani ya nailoni.
Gurudumu la kupanda Igogo bado halijazaliwa.
Kikawa kinabeba madumu, toka bombani hadi jiwe la kwanza,
na kwenye ripoti yao, nadhani, kuna mtu amekikalia,
anatabasamu.

Lakini nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Kuna jina ambalo daftari langu halina.
Masalu Lushinge, nyumba ya mwisho, ukuta wa madebe.
Zamani alimshtaki baba wa mwenyekiti wetu
kwa ng’ombe wawili,
akashinda.
Kikundi kizima kinamjua. Ndiyo shida yenyewe: kinamjua.
Tulipita mlangoni pake na maji mabegani
tukitazama ziwani, kana kwamba kuna meli inaingia.

Eliwaza hakujua habari za ng’ombe.
Fomu ilisema kila nyumba,
akabisha hodi kila nyumba.
Akamkuta Masalu na mguu umevimba kama mtungi,
anakunywa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye sufuria.
Akamwandikia kadi ya matibabu bila malipo,
ile kadi ambayo wenzake wa ofisini
waliidai mwaka baada ya mwaka, kwa barua, kwa vikao,
kwenye majengo ambayo sisi wa Igogo
hata geti lake tusingelijua.

Basi kadi ikapatikana. Ikakaa mezani.
Kadi haina miguu.
Alfajiri moja tukamteremsha, mimi na vijana watatu,
mmoja wao mtoto wa mwenyekiti, hatukuulizana.
Shuka la Nkwimba likawa machela.
Jiwe la jogoo, jiwe la utelezi, jiwe la mama wa vitumbua,
tunayajua kwa nyayo, gizani.
Chini kikatupokea kile kiti, bado kibichi kwa maji,
Masalu akakalia ubichi wala hakusema neno
mpaka tulipofika lami.
Hapo akauliza, “Nyie ni wa serikali?”

Mradi wa taifa ulikwisha Juni.
Namba ya Eliwaza, kila nikipiga, haipatikani.
Bibi Holo anapikia jiko la bomba sasa,
tumelijenga wenyewe, linavuja moshi kidogo upande wa kushoto.

Na jana usiku, taa ya chemli karibu na karatasi,
nimeandika jina la ishirini.
Nimeandika kwa penseli.
Kikao ni Jumapili.