Meza ya Igogo

Mbao mbili za msonobari, moja ya mvule
iliyokuwa ubavu wa mtumbwi; bado inanuka dagaa.
Msumeno niliuazima kwa Lubango.
Akanionya: una meno ya kibogoyo, usiukasirikie.

Jumamosi nzima nilikata, nikapima baada ya kukata.
Ndiyo, baada.
Msumari wa nne ulipinda,
wa tano ukapona, nyundo ikachagua gumba langu.
Milembe juu ya jiwe la uani, daftari gotini,
akihesabu matusi niliyoyameza.

Jioni tukaisimamisha. Ikachechemea.
Nikapunguza mguu wa kulia, ikalalia kushoto;
nikapunguza wa kushoto, ikapiga magoti.
"Mama, si meza," akasema. "Ni sakafu."
Kweli. Nyumba yetu imepanda mwamba kama mbuzi;
maji yakimwagika chumbani, yanajua njia ya mlangoni.
Nikaikwangua unywele kwa unywele, hadi ikatulia.

Jana Lubango kaiazima, kwake kuna marumaru.
Kairudisha usiku huohuo: "Kiwete hiki!"

Nikaiweka kwenye pembe yake, chini ya dirisha.
Ikasimama kimya,
miguu minne, kila mmoja na urefu wake.
Milembe akalaza penseli katikati.

Haikubingirika.