Mtu Mwenye Ujuzi wa Kawaida

Ndani ya sheria za hataza yumo mtu
ambaye hakuzaliwa na mama yeyote.
Anaitwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani.
Amesoma kila chapisho, kwa kila lugha,
anaijua kila parafujo iliyowahi kukazwa duniani,
ila amenyimwa kitu kimoja: hawazi jipya.
Wazo lako likimjia na yeye, basi si uvumbuzi.
Huyo ndiye mizani yetu.

Mimi ni mchoraji tu. Oulu, ghorofa ya tatu,
dirisha latazama maegesho na marundo ya theluji.
Nachora kwa mstari mweusi usio na kivuli,
kisha nagawa namba: 12 ni bawaba, 14 mkono wa antena,
16 ni barafu.
Aulikki akacheka. "Hata barafu umeipa namba?"
Nikamjibu, bila adui kesi haipo.

Na adui tulimjua. Kule kisiwani Hailuoto,
ambako Februari bahari hugeuka barabara
na malori hupita juu ya vichwa vya samaki,
antena zilivaa barafu koti juu ya koti,
na yale mawimbi mafupi ya masafa ya juu,
yabebayo sauti na picha pasipo waya,
yakawa yanabisha hodi na kurudi yalikotoka.
Nesi wa kisiwani aliendesha gari kilomita tisa
akiinua simu dirishani, akitafuta mtandao.

Wenzake wakasema, weka hita.
Hita ilikula umeme kuliko mtambo wenyewe.
Aulikki Rautiola akachukua metali mbili zisizopatana,
moja husinyaa upesi baridi ikibana, nyingine hugoma,
akazifunga pamoja kama ndoa ya kulazimishwa.
Bawaba inajikunja, inajizuia, inajizuia,
halafu tak!
Antena inajikung'uta kama mbwa aliyetoka majini,
barafu hiyo chini.
Hamna mota. Hamna swichi.
Ugomvi tu, uliopimwa vizuri.

Sampuli arobaini na moja zilivunjika kabla ya hiyo tak.
Zote alizichonga Veikko wa karakana,
akipunguza unywele hapa, nusu unywele pale,
mtu asiyefungua kinywa ila kwa kahawa.

Kisha barua kutoka Munich.
Mkaguzi, Dakta Wiesinger, kwa adabu yenye makali:
dai la kwanza halina hatua ya uvumbuzi,
mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeliliona.
Miezi kumi na minne Aulikki alibishana na asiyekuwepo.
Alimwota. Anasema ana mikono safi mno.
Tukabadili "imeunganishwa" ikawa "imeunganishwa kwa namna ya kuzungukika",
tukaongeza "angalau moja", tukafuta "hasa".
Neno moja hilo, euro mia nne za wakili.

Jumanne hataza ikatoka.
Namba ndefu, muhuri, jina moja.
Keki ikakatwa. Veikko akala yake amesimama,
akaninong'oneza mimi peke yangu:
"Mlango wa sauna ya marehemu baba hufanya hivyohivyo.
Kila baridi ikizidi. Tak, na theluji yote puu.
Sisi tulidhani ni ukaidi wa mlango."

Mbona hukusema?
Akapangusa makombo kwenye ndevu.
"Nani aliniuliza? Na baba hakuandika popote."

Jioni ile, nyuma ya karatasi iliyoharibika,
nilichora mlango, bawaba zake mbili,
na mtu amesimama mbele yake, mikono ina grisi.
Nilishika kalamu muda mrefu
nikakosa namba ya kumpa.

Simu ikaita. Ilitoka kisiwani,
sauti safi, hadi pumzi yake nikaisikia:
bibi mmoja aliyemtaka fundi wa jiko.
Alikosea namba.