Tone

Kabla ya mkataba, kabla ya picha,
kulikuwa na bafu la shangazi Eduviges, Oxnard,
mtaa wa La Colonia, upande ule harufu ya malimau inakolala.
Bomba lilikuwa linavuja. Fundi aliitwa mara mbili,
mara mbili akalipwa, na bomba likaendelea na kazi yake.
Nazario akasema: liacheni. Ngoma ndiyo hiyo.

Tukabandika trei za mayai ukutani.
Mimi ndani ya hodhi kavu, kinasa sauti magotini,
yeye juu ya kifuniko cha choo, maana pale palikuwa na mwangwi,
akafoka.

Akafoka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.
Nusu lugha ya mama, nusu lugha ya mwalimu:
neno moja linavuka mpaka bila karatasi,
lingine linalipokea ng'ambo na kulificha chini ya kitanda.
Akaitaja dawa inayopuliziwa stroberi,
na vidole vya mama yake, visivyofunga tena kifungo.
Katikati ya ubeti wa tatu mlango ukagongwa:
"Nazario! Kuna watu humu wamebanwa!"
Hatukuifuta sauti ile. Imo kwenye kanda mpaka leo.

Redio ya Kihispania ikasema: Kiingereza kimezidi.
Redio ya Kiingereza ikasema: Kihispania kimezidi.
Tukawa popo. Ndege walitukataa kwa sababu ya meno,
wanyama wakatukataa kwa sababu ya mabawa.

Basi tukauzia kwenye buti ya Impala ya baba,
soko la Jumapili, kati ya muuza soksi na muuza kasuku.
Dola tatu. Mbili, kama una ndugu jela;
siku hiyo kila mtu alikuwa na ndugu jela.
Jina la kila kanda niliandika mimi, wino wa kijani,
mia sita na kumi na mbili, mkono ukafa ganzi.
Kasuku mmoja alijifunza kiitikio. Alinunuliwa haraka.

Kisha Los Angeles, na mtu mwenye kalamu nzito.
Nazario alikwenda kupigwa picha na kreti ya stroberi,
ile yenyewe ya mama, iliyovunjika pembe.
"Kreti haiuzi," wakamwambia. Wakamletea bastola.
Aliishika.
Sitaficha hilo, na yeye hafichi.
Shangazi aliiona santuri dukani, akainunua kwa hela yake,
akaiweka kabatini, uso umeelekea ubao.
Hakusema kitu. Tulimsikia wote.

Na tone walilitengeneza upya, kwa mashine ya maelfu.
Lilikuwa sahihi mno.
Letu lilichelewa kidogo, kama mtu aliyeazima viatu.

Kampuni ilifilisika mwaka wa tatu. Nyimbo zikabaki kwa mawakili.
Sasa anaendesha basi la shule, njia ya kumi na nne,
watoto humwita Bwana Beja, wakigombana huongeza sauti ya redio:
vijana wapya, ndimi mbili, tuzo mkononi,
wanasema mchanganyiko huu wameubuni wao.
Atanguliaye alfajiri ndiye hulowa umande;
wa nyuma hupita na miguu mikavu, hudhani njia ilizaliwa hivyo.
Yeye hutikisa kichwa kwa mdundo. Huwa wazuri, anasema. Huyu hasa.

Nyumba iliuzwa. Wenyewe wapya wamebadilisha mabomba yote.
Usiku mwingine napita, nazima gari, nasikiliza upuuzi wangu.

Mwezi uliopita chuo kikuu kimeweka kanda yetu kwenye kabati la kioo.
Mwandiko wangu wa kijani, taa yake peke yake.
Kadi chini yake inasema: mashine ya ngoma, chapa haijulikani.
Nazario alicheka hadi mlinzi akasogea.
Nikatoa kalamu, nikasema nakwenda kuwasahihisha.
Akanishika mkono, machozi yanamtoka, hawezi hata kupumua:
"Waache, Hortensia. Waache.
Fundi alishalipwa. Mara mbili."