Mkuu wa Changizo

Cheo chake ni kirefu kuliko mlango:
Mkurugenzi wa Ufadhili na Maendeleo,
Taasisi ya Sera za Afya, ghorofa ya nne, Pittsburgh.
Mama yake, Earline, hukifupisha: mwombaji.

Leo Lavinia Odom yuko kwa Bwana Hrabovsky,
mgane aliyetajirikia vifuniko vya chupa za dawa.
Theluji inayeyuka viatuni. Supu imepoa.
Mzee anauliza, kijiko hewani:
"Hospitali nikiipa mashine, naiona inawaka.
Ninyi nikiwapa, mtanionyesha nini?
Karatasi?"

Analo jibu la semina, la takwimu tatu na tabasamu.
Halitoki.
"Ndiyo," anasema. "Karatasi.
Ipo ripoti moja, kurasa kumi na moja,
iliyoshusha bei ya insulini katika kaunti mbili.
Walionusurika hawajui kwamba wangekufa.
Hakuna hata mmoja atakayekuletea ua."

Saa ya ukutani inatafuna kimya.
Mzee anakitazama kiti cha pili,
mto wake ungali na bonde la mtu.
"Veronka alikuwa akikata vidonge nusu nusu,
kabla sijauza kifuniko hata kimoja.
Hakuniambia. Nilikikuta kisu."

Hundi haandiki.
Anaomba zile kurasa kumi na moja,
na miwani yake, iko juu ya jokofu.

Garini, vidole vikiwa baridi, Lavinia anajaza fomu.
Kiasi kilichoahidiwa: anaruka.
Tarehe ya kulipa: anaruka.
Chini kabisa, penye Maoni,
anaandika neno moja:
Anasoma.