Saa Tisa

Si saa tisa ya alasiri, jua linapolegea,
wala ile ya usiku, ya mbwa na wagonjwa.
Ni saa tisa kwa wiki:
ndivyo isemavyo barua ya jimbo, kurasa mbili na pini,
hata jina lake wamelipunguza,
Pelletier kwa L moja.
Zilikuwa ishirini na moja.

Kosa ni la kahawa.
Mkaguzi alikuja Machi, theluji imefika kizingitini,
kijana mpole, alivua viatu bila kuambiwa,
na Odile, ambaye wiki nzima sikumtoa kitandani
ila kwa mkanda na kwa moja-mbili-tatu,
alisikia kengele akataka rangi ya mdomo.
"Mgeni hanikuti nimelala, Corinne."
Akasimama.
Mungu wangu, akasimama!
Akashika ukingo wa sinki, akamimina,
matone matatu tu sahanini,
akauliza: sukari?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Alipona dakika kumi na saba.

Kijana akaandika kwenye kishikwambi: anasimama, anamimina.
Hakuwepo alipoanguka taratibu kama nguo kutoka kambani,
tukakaa sakafuni dakika arobaini, mimi na yeye,
kifua changu ndicho kiti chake,
nikivipuliza vidole vilivyoungua.
Dakika hizo hazina safu kwenye fomu.

Miaka thelathini na mmoja alikagua karatasi kiwandani,
kabla kiwanda hakijafungwa na mto kurudia rangi yake.
Barua aliinyanyua kwenye taa, akaipapasa kwa kidole gumba.
"Karatasi mbovu," alisema. "Isingenipita hii."
Ndipo akaniomba nimsomee.

Haya, nipigie hesabu, wewe wa Augusta mwenye kalamu:
soksi za kubana, dakika kumi na moja kila asubuhi,
kumi na tano kisigino kikivimba.
Sindano ya sukari haijui Jumapili.
Kuoga nimeshakupunguza, sasa ni mara mbili,
na maji ya kuoga hayapashwi kwa barua.
Na yale meno ya chini, yanayopotea kila Jumanne,
juzi nimeyakuta ndani ya kitabu cha sala,
kuyatafuta nikuandike wapi?
Nasikia kitanda kwenye makao ya wazee kule Bangor
kinaila serikali kuliko mimi ninavyoila.
Mimi si mchumi. Mimi nabeba.

Rufaa ni kwa simu, Alhamisi.
Usiku tunafanya mazoezi mezani. Mimi ndiye hakimu.
Bi Pelletier, unaweza kufunga vifungo vya nguo?
"Nikipewa muda."
Hapana, Odile. Sema siwezi.
"Lakini cha juu nakiweza."
Sema siwezi.
Anakitazama kijiko kana kwamba ndicho kilichomtukana.
Miaka sita nimemfundisha kumeza polepole,
kuegemea kulia, kuita kabla ya kuinuka.
Hili ndilo somo analofeli,
nami mwalimu nashindwa kumtazama.

Alhamisi. Sauti ya mwanamke aliyechoka, mafua kidogo.
Kuoga? Siwezi.
Choo? Siwezi peke yangu.
Kupika?
Hapo akakawia, nikasikia jokofu likinguruma,
nikasikia mpaka waya wa simu.
"Nilikuwa napika pai za nyama Krismasi, watu kumi na wanne."
Bibi, naomba jibu la sasa.
"Siwezi."
Majibu ndani ya siku thelathini, asante, kwaheri.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa.
Zamu yangu iliisha saa nane.
Nilikuwa navaa koti aliponiita kwa jicho,
akapandisha mkono shingoni, ule wenye kovu la kahawa,
ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayeandika,
na kile kifungo cha juu, polepole,
kikaingia tunduni.

"Usiwaambie," akasema.