Hodi

Maji yalikupwa hadi kwenye utando wa kijani.
Sasa, akasema Hudhaifa, kabla bahari haijabadili nia.
Akaitia simu katika mfuko wa mkate, akakaza fundo kwa meno.
Mimi nikavua kandambili, nikazigandamiza kwa jiwe
kana kwamba kuna mwizi ufukwe huu wa Tiwi, penye mbuzi watupu.

"Ficha mikono," akaniambia.
Hina ya harusi ya Shinuna ilikuwa na siku mbili tu.
Kwao husimulia: palikuwa na bibi harusi,
alishuka hapa kunawa kabla rangi haijashika.
Maji yakachukua rangi, kisha yakamchukua mwenyewe,
na tangu hapo humkagua kila mwanamke viganja.
Mamake ndivyo asemavyo. Yeye anasomea uhandisi Sohar,
haamini. Ila bismillahi aliipiga mara mbili.

Tukainama chini ya mdomo wa mwamba.
Goti langu likachunika, chumvi ikalitambua.
Giza. Popo. Harufu ya shaba iliyolowa.
Kisha ukuta ukakoma, na mbele yetu
khori, kama waitavyo huku;
bibi yangu wa Mkunazini angesema hori,
neno lilelile, lilivuka bahari
likadondosha kikohozi chake njiani.
Maji yaliwaka kutoka chini
kama chumba kilichofungwa, na mtu kasahau taa.
Vidagaa vikanidonoa visigino.

Sikujua la kusema.
Likanitoka lile la kizingitini:
Hodi!
Na pango: hodi… odi… di.

Hudhaifa akacheka. Hajui Kiswahili,
hajui kwamba hilo si jibu.
Asemaye hodi yuko nje.
Nikarudia, likarudia.
Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake.
Lakini mgeni nani? Mimi, mzaliwa wa Maskati,
niliyeitwa Zinjibari shule nzima,
na Unguja, siku niliyofika, wakaniita Mmanga?
Miaka thelathini nabisha.
Sijawahi kubishiwa.

Nikaitoa mikono majini, hina na yote,
nikasema polepole: Karibu.

Karibu haikurudi.

Tulisikiliza. Maji yakapanda kidogo,
upana wa kidole,
na Hudhaifa akasema twende, twende, yanajaa.
Garini hakuwasha redio mpaka Sur.