Matofali Mawili

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya isha,
tulikutana Maweni, hapa Malindi, kwa Awadh mchomea vyuma:
wenye viwanda vidogo saba, birika moja la kahawa,
na kila mmoja kaja na kufuli mdomoni.

Mimi napika halwa. Baba aliniusia:
mapishi hayavuki kizingiti,
hata mkeo mwambie nusu.
Basi nikaketi karibu na mlango,
nikinywa kahawa ya watu, nikihesabu nondo.

Bi Mbeyu wa sabuni za nazi alitabasamu tu.
Shee Lali, mfyatua matofali, aliisifu mvua.
Maneno yakazunguka kama nzi
juu ya sinia lililofunikwa.

Ndipo Kenga Thoya, wa makabati,
akauweka mkono wake wa kushoto mezani, chini ya taa.
Vidole vitatu.
"Msumeno. Umeme ulikatika, nikasahau kuzima,
ukarudi nami nimeinama nafuta vumbi.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mimi nimebakiwa na vitatu,
chawa wangu bado wananiheshimu."
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Awadh akauliza upana wa meza,
akapiga magoti, akachora kwa chaki sakafuni
kinga ya bati yenye bawaba, inayoshuka yenyewe.
Bi Mbeyu naye akaeleza
jinsi magadi makali alivyokuwa akiyatia
kwenye chupa ya sharubati,
hadi siku mtoto wa jirani alipofungua kifuniko.
"Hakunywa. Mimi ndiye niliyeinywa ile hofu, mwezi mzima."
Sasa chupa zake zote kazipaka rangi nyekundu,
na ufunguo wa kabati unalala shingoni mwake.
Shee akalia na vijana wake:
Jumatatu hawaonekani, mashine imekaa kama jiwe.
"Unawalipa lini?"
"Jumamosi jioni."
"Walipe Jumatano," akasema Kenga.
"Jumatano haina disko."

Wakanigeukia.
Nikatoa kitu, si mapishi, bega.
Bega la Mselem, mkorogaji wangu:
saa tatu kila siku juu ya karai,
maana halwa ukiipa kisogo inaungua
na kwenda kukushitaki kwa mteja.
Mkono wake wa kulia haufiki tena kichwani.
Kanzu anavuliwa na mwanawe.

"Karai linamfika wapi?" akauliza Shee.
"Kifuani."
"Basi anakoroga kwa mabega.
Huwezi kulishusha karai, kuna moto.
Mpandishe mtu."

Asubuhi akaleta matofali mawili, inchi sita,
mchanga wa Sabaki, bado yananuka saruji mbichi.
Pesa akakataa.
Mselem akapanda, akajipima,
viwiko vikarudi mbavuni mahali pake.
Alikoroga kimya
mpaka samli ilipoanza kujitenga pembeni,
ndipo akasema:
"Miaka kumi na tisa."
Hakuongeza neno.
Angekasirika ningejua pa kuficha uso.

Nikatoka nje.
Kati ya jiko langu na uwanja wa Shee
kuna ukuta mmoja tu, nimeuegemea tangu ujana.
Mashine yake naisikia kila alfajiri.
Kwa diwani nimeipeleka mara mbili,
kelele, nikasema, zinanivunjia usingizi.

Mwezi uliofuata nilikaa katikati ya benchi,
nikaja na sinia, halwa ingali vuguvugu.
Kinga ya Kenga ilikuwa imeshafungwa, ingawa inakwaruza kidogo.
Vijana wa Shee walikuja Jumatatu, wote isipokuwa mmoja.
Bi Mbeyu akalamba kidole, akafumba macho.
"Iliki unatia kiasi gani?"
Nikanywa kahawa.
Nikatazama mlango, ulikuwa mbali.
Nikamwambia nusu.